Kaunta, fomu na siku 10: tathmini ya duka la silaha katika Bonde la Kati, California

Maduka ya silaha hapa California husifiwa na wateja kwa wingi wa bunduki ukutani, kwa bei, au kwa ucheshi wa wauzaji. Mimi nimeamua kulipima duka hili, ambalo liko katika mji mdogo wa mashamba ya lozi kusini mwa Sacramento, kwa jinsi linavyoandika. Kigezo hicho huenda kikamshangaza msomaji aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, ambako mwombaji huanzia kwa vyombo vya dola: Tanzania leseni husimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, na Kenya ipo Bodi ya Leseni za Silaha. Marekani mambo yamepangwa kinyume. Katika majimbo mengi mnunuzi hamwoni askari hata mmoja, na kumbukumbu ya nani alinunua bunduki gani hubaki mikononi mwa mwenye duka, kwenye rafu zake, kwa mwandiko wa wafanyakazi wake. Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya kuwalinda wamiliki wa silaha mwaka 1986 liliizuia serikali kuu kujenga rejesta ya kitaifa ya wamiliki, kwa hiyo udhibiti wote wa ngazi hiyo unaegemea daftari la mfanyabiashara binafsi. Akiandika ovyo, serikali kuu haina nakala nyingine ya kumsahihisha.

Nilikwenda kununua bunduki ya marisau ya geji 20 kwa ajili ya msimu wa njiwa, ambao hufunguliwa Septemba 1. Duka ni chumba kimoja kirefu. Bunduki ndefu zimepangwa wima nyuma ya kaunta, zimefungwa kwa waya wa chuma uliopitishwa kwenye vilinzi vya vifyatulio, na bastola zimo ndani ya kabati za kioo zenye kufuli. Juu ya kaunta kuna kamera ambazo mteja anaziona wazi, pamoja na tangazo kwamba sauti na picha vinarekodiwa. Hilo si hiari ya mwenye duka. Tangu Januari 1, 2024, jimbo linamtaka kila muuzaji arekodi eneo la mauzo na ahifadhi picha hizo kwa muda wa mwaka mmoja. Baadhi ya wateja hulalamika kwamba wanachunguzwa. Mimi naona kwamba mtu aliyekwisha kutoa alama ya kidole gumba hana tena cha kuficha mbele ya kamera.

Kabla ya yote ulipo mtihani. Kila mnunuzi wa bunduki California anahitaji cheti cha usalama wa silaha, isipokuwa wachache waliosamehewa na sheria, na cheti hicho hupatikana dukani hapohapo kwa ada ya dola 25 na kudumu miaka 5. Maswali ni 30, alama ya kupita ni asilimia 75, na lugha ni Kiingereza au Kihispania. Mtihani wenyewe si mgumu kwa aliyesoma kijitabu cha jimbo, lakini nimewahi kusimama katika duka jingine, ambalo silitaji, nikamsikia muuzaji akimpitishia mteja majibu kwa kukohoa. Hapa haikuwa hivyo. Mama wa makamo anayesimamia mtihani huweka meza kando, humkabidhi mtahiniwa karatasi na kalamu, kisha hukaa mahali anapomwona bila kumsemesha. Aliyefeli huambiwa arudi siku nyingine, kwa adabu, bila mzaha.

Baada ya cheti huja Fomu 4473, na hapa ndipo duka hili linapostahili sifa zake zote. Fomu hii imetokana na Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968, nayo husimamiwa na ATF, yaani idara ya serikali kuu inayoshughulikia pombe, tumbaku, silaha na milipuko. Inauliza jina, anwani, mahali na tarehe ya kuzaliwa, uraia, kisha mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana: je, umeshtakiwa kwa kosa kubwa, je, umewahi kutiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, je, unatumia dawa za kulevya. Swali la bangi huwanasa wengi, kwa maana California imeihalalisha lakini fomu inatamka waziwazi kwamba kwa sheria ya serikali kuu mtumiaji wake bado ni mtumiaji haramu. Muuzaji wa duka hili alimwekea kila mteja kidole kwenye onyo hilo na kumwomba alisome mwenyewe. Hakumshauri mtu ajibu nini, wala hakupaswa kumshauri.

Kwa sisi wenye asili ya Afrika Mashariki fomu ina vikwazo vidogo ambavyo muuzaji mzembe huviacha vikaja kuwa vikubwa. Majina yetu matatu hayaingii kirahisi katika mpangilio wa jina la ukoo, jina la kwanza na jina la kati, na asiye na jina la kati hatakiwi kuacha nafasi wazi bali huandika herufi NMN. Tarehe huanza na mwezi. Mbele yangu alikuwapo kijana mmoja aliyetoka Goma, ambaye alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa alinigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, “Mzee, hapa wanataka mwezi kwanza?” Alikuwa amekwisha kuandika siku. Muuzaji hakuichukua kalamu wala hakutoa wino mweupe wa kufutia. Alimwambia kijana apige mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, aandike tarehe sahihi pembeni, kisha aweke herufi za kwanza za jina lake na tarehe ya siku ile. Sehemu ya mnunuzi husahihishwa na mnunuzi, kwa mkono wake, kabla ya bunduki kutoka. Muuzaji anayejazia wateja ili foleni iende haraka anajitia matatani yeye na mteja wake. Nilipomwona mtu huyu akisubiri bila kunung’unika huku watu wanne wakiwa nyuma yetu, nilijua kwamba mwenye duka amewafundisha wafanyakazi wake vizuri.

Kuhusu uhamiaji nieleze kidogo, maana swali hili huulizwa sana. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, mradi ajaze namba yake ya uhamiaji na aonyeshe kadi. Aliyeko nchini kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, ingawa sheria ina misamaha michache, ukiwemo ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji. Leseni ya udereva ya California yenye maandishi kwamba ina mipaka kwa matumizi ya serikali kuu haitoshi peke yake. Lazima iambatane na uthibitisho mwingine wa ukaaji halali. Anwani ya kitambulisho nayo lazima ilingane na unapoishi sasa, na aliyehama anaweza kuonyesha karatasi nyingine ya serikali, kwa mfano usajili wa gari wenye anwani mpya. Bastola huongezewa sharti la kuthibitisha makazi, kwa bili ya umeme au mkataba wa pango. Duka hili limeandika haya yote kwenye karatasi moja iliyobandikwa mlangoni, kwa hiyo mtu hapangi foleni ili aje kurudishwa nyumbani.

Swali zito kuliko yote katika fomu ile ni lile linalouliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kwetu ni jambo la kawaida ndugu kumnunulia ndugu: mjomba yuko mbali, wewe uko karibu na duka, anakutumia fedha, unachukua mzigo. Kwa bunduki, mazoea hayo ni jinai. Mfano unaojulikana ni wa Bruce Abramski, aliyekuwa askari polisi huko Virginia, ambaye alimnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola kwa fedha alizotumiwa na mjomba mwenyewe, akajibu kwenye fomu kwamba mnunuzi ni yeye. Mjomba hakuwa mtu aliyekatazwa na sheria kumiliki silaha, na hata makabidhiano yao yalipitia kwa muuzaji mwenye leseni. Hata hivyo, mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliiacha hatia yake isimame kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba daftari likijazwa jina la mtu wa kati, linakosa kazi. Zawadi ya kweli, iliyonunuliwa kwa fedha zako, haipaswi kuchanganywa na jambo hili, nayo fomu inaitambua. Mwaka 2022 bunge liliongeza kosa mahususi la kununua kwa niaba ya mwingine, lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 15.

Nimeeleza haya kwa sababu niliyaona yakitekelezwa. Mwanamume mmoja alichagua bastola, akaishika, akapatana bei, kisha akamsogeza mbele mwanamke aliyefuatana naye ili ajaze fomu. Muuzaji aliirudisha bastola kabatini, akafunga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba leo hataweza kuwahudumia. Hakutoa hotuba. Duka lilipoteza mauzo ya mamia ya dola ndani ya dakika moja, na yule muuzaji akamwita mteja anayefuata.

Fomu ya serikali kuu ikiisha, jimbo linayo yake. Muuzaji huingiza taarifa kwenye kompyuta na kuzituma kwa Idara ya Sheria ya California katika kile ambacho wauzaji wote hukiita DROS, yaani rekodi ya mauzo ya muuzaji, pamoja na alama ya kidole gumba cha kulia. Ada yake ni dola 37 na senti 19. Idara ndiyo inayopekua kumbukumbu za jinai, za amri za mahakama na za afya ya akili, zikiwemo zile za mfumo wa kitaifa wa kuwapekua wanunuzi wa silaha ulioanza kazi Novemba 30, 1998. Katika majimbo mengi mfumo huo hujibu kwa dakika chache, na usipotoa jibu ndani ya siku 3 za kazi sheria ya serikali kuu humruhusu muuzaji aitoe silaha. Mwanya huo ndio uliompatia bastola yule kijana aliyeua waumini 9 katika kanisa la Charleston mwaka 2015. California imeubana sana mwanya huo: kila mnunuzi husubiri siku 10, na idara ikihitaji muda zaidi inaweza kuzuia makabidhiano hadi siku 30.

Kusubiri huku kuna historia ndefu. Mwaka 1923 jimbo lilikataza bastola kukabidhiwa siku ileile ya kununuliwa. Muda ukaongezwa hatua kwa hatua hadi siku 15, ukaenezwa kwa bunduki zote mwaka 1991, kisha ukashushwa hadi siku 10 kuanzia 1997. Waliokuwa na bunduki tayari walishtaki, wakidai kwamba kuwapoza hasira watu waliokwisha kujihami hakuna maana, lakini mahakama ya rufaa iliupitisha utaratibu huo mwaka 2016 na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi mwaka 2018. Binafsi naiona hoja yao kuwa na uzito kiasi. Hata hivyo siwezi kumlaumu muuzaji kwa sheria asiyoitunga.

Ninachoweza kumlaumu ni jinsi alivyoshughulikia saa. Siku 10 huhesabiwa kwa saa 24 kamili tangu taarifa ilipotumwa, hadi dakika yake. Ambaye taarifa yake ilitumwa saa 10 na dakika 20 alasiri hawezi kuchukua bunduki yake saa 10 na dakika 5. Duka hufungwa saa 11 jioni na halifunguliwi Jumapili wala Jumatatu, kwa hiyo mteja wa alasiri hubakiwa na nafasi finyu mno, akiikosa anasubiri tena. Jambo hili hakuna aliyelitaja wakati wa kulipa. Pia, bunduki isipochukuliwa ndani ya siku 30, mchakato wote huanza upya pamoja na ada zake, na taarifa hiyo nimeikuta kwa maandishi madogo nyuma ya risiti. Duka lililoweza kubandika mlangoni orodha ya vitambulisho lingeweza kubandika na hili.

Bei nayo haikusemwa wazi. Lebo ya ukutani haina kodi ya mauzo, haina ada ya DROS, wala haina ile asilimia 11 ambayo jimbo limekuwa likiwatoza wauzaji wa silaha na risasi tangu Julai 1, 2024, ambayo maduka mengi, likiwemo hili, humbebesha mteja. Ukijumlisha, bunduki ya marisau ya bei ya kati hupanda kwa zaidi ya dola mia moja juu ya kilichoandikwa.

Wakati mama yule akinionyesha namna ya kupakia na kupakua kwa risasi bandia, zoezi ambalo sheria humtaka mnunuzi alifanye kwa usalama mbele ya muuzaji kabla ya kukabidhiwa, nilimwuliza mwenye duka kuhusu daftari kubwa lililokuwa wazi mezani kwake. Alinionyesha ukurasa bila majina ya watu. Upande wa kushoto huandikwa silaha inapoingia: tarehe, imetoka kwa nani na leseni yake, mtengenezaji, modeli, namba ya silaha, aina na geji. Upande wa kulia huandikwa inapotoka. Mstari wa kushoto hujazwa kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata baada ya mzigo kupokewa, na ule wa kulia ndani ya siku 7. Mtu akinunua bastola mbili au zaidi ndani ya siku 5 za kazi mfululizo, taarifa hupelekwa ATF siku hiyohiyo. Bunduki ikiibwa au ikipotea, muuzaji ana saa 48 za kuripoti. Hakukuwa na mstari mtupu katika ukurasa ule, wala kufutwafutwa. Mwandiko ulikuwa wa watu wawili tofauti, wote wenye kusomeka.

Usomekaji huo una kazi yake. Polisi wa mji wowote wakiokota bunduki penye uhalifu, huipeleka namba yake katika kituo cha kitaifa cha ufuatiliaji kilichoko Martinsburg, West Virginia. Kituo humpigia mtengenezaji, mtengenezaji humtaja msambazaji, msambazaji humtaja mwenye duka, na mwenye duka ana saa 24 za kutafuta ukurasa na kusema alimwuzia nani. Duka likifungwa kwa kudumu, makaratasi yake yote hupelekwa Martinsburg, ambako maboksi yamejaa hadi mengine yakawekwa kwenye makontena nje ya jengo, na kwa kuwa sheria inakataza kuyageuza kuwa rejesta, wafanyakazi huyapekua kama picha, ukurasa baada ya ukurasa, bila uwezo wa kutafuta kwa jina. Zamani muuzaji aliruhusiwa kuteketeza fomu zenye zaidi ya miaka 20. Tangu Agosti 2022 anazitunza maadamu biashara ipo. Mwenye duka huyu ameziweka fomu za miaka yote katika chumba chenye mlango wa chuma, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na aliniambia kwamba simu kutoka Martinsburg hairuhusiwi kulala.

Kwa utaratibu wa serikali kuu mlolongo huo huishia kwa mnunuzi wa kwanza. Akiiuza bunduki kwa jirani katika jimbo kama Arizona, hakuna anayelazimika kuandika lolote. California imeuendeleza uzi huo: tangu 1991 mauzo baina ya watu binafsi hupitia kwa muuzaji mwenye leseni, kwa fomu zilezile na siku 10 zilezile, na tangu Januari 1, 2014 jimbo huhifadhi rekodi za bunduki ndefu kama lilivyokuwa likihifadhi za bastola. Sheria imemwekea muuzaji kikomo cha dola 10 kwa kazi hiyo kwa kila silaha, ambacho ni kidogo ukilinganisha na muda unaotumika, na nimesikia maduka yanayowafukuza watu wa namna hii kwa visingizio. Hapa palikuwa na wazee wawili waliokuja kuhamishiana bunduki ya kuwindia, nao walihudumiwa kwa zamu yao, kwa uangalifu uleule niliohudumiwa mimi niliyenunua kitu kipya.

Ukaguzi wa nje haupaswi kutegemewa mno. ATF, kwa sheria ya 1986, haiwezi kumkagua muuzaji kwa utaratibu wa kawaida zaidi ya mara moja katika miezi 12, na kwa uhalisia wengi hukaa miaka bila kuonwa. Idara ya Sheria ya jimbo nayo hukagua kwa upande wake. Ndiyo maana naona kwamba tofauti kati ya duka moja na jingine ni kubwa kuliko tofauti iliyoandikwa kwenye sheria, na kwamba anayechagua pa kununua afuate kaunta yenye watu wa namna hii hata kama bei imezidi kidogo.

Kwa alama, ningewapa 5 kati ya 5 kwa uandishi wa kumbukumbu na kwa namna wanavyomkataa mteja anayestahili kukataliwa, 4 kwa uchaguzi wa bunduki za marisau, na 2 kwa uwazi wa bei na wa saa. Atakayekwenda afike asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi, akiwa na kitambulisho chenye anwani ya sasa, kadi ya ukaazi ikiwa si raia, na fedha za ziada juu ya bei ya ukutani. Kufuli la usalama la bei nafuu linauzwa hapo, na bunduki haitoki bila hilo au bila kiapo kwamba una kasha la chuma nyumbani. Risasi nazo, tangu Julai 2019, huuzwa baada ya ukaguzi wa kompyuta wenye ada yake, kwa hiyo aliyepokea bunduki asubuhi na kutaka kuwinda jioni azinunue palepale, kabla duka halijafungwa.